Kuku wa Upatanisho

Kanuni ya nyumba yetu ya kusikiliza inasema kwamba mtu akisikiliza mateso ya wengine kwa miaka ishirini, arudishe ufunguo na aende kupumzisha masikio. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sista wa parokia akiitamka, na siku ile niliona ni kanuni ya wazee. Sasa nina miaka arobaini na minane, na majirani wananiita retraité, mstaafu. Wananiuliza fimbo yangu iko wapi. Mke wangu analalamika kwamba tangu nipumzike ninatembea zaidi kuliko nilipokuwa kazini: leo niko Beni, kesho Kasindi kuangalia malori yanavyopanga mstari mpakani, kesho kutwa natafuta sababu ya kwenda Kasugho. Kwa hiyo amenikalisha mezani, akanipa daftari, akasema niwaandikie ninyi mnaoanza, ili angalau nikae nyumbani juma moja.

Vyeo sitavieleza. Cha mwisho kilikuwa na maneno saba ya Kifaransa, na sikuwahi kukitaja chote bila kupumua katikati.

Nilikuja kama mtu wa pikipiki. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nikafundisha watoto miezi mitatu, nikakimbia kwa sababu darasa lilikuwa na kuta nne. Sista alikuwa anatafuta mtu wa kumbeba Mama Kyakimwa, msikilizaji wa parokia, kutoka shirika moja hadi jingine. Shirika, kwa yule asiyetoka kwetu, ni jumuiya ndogo ya nyumba kama ishirini zinazosali pamoja kila Jumamosi, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Kazi ya Mama Kyakimwa ilikuwa kuwasikiliza wale waliopigwa, waliolazimishwa, waliotishwa, na kutembea nao mpaka wapate matibabu, sheria na usingizi. Alikuwa mfupi, amejaa, na aliniangalia siku ya kwanza kama mtu anayechagua samaki sokoni.

“Wewe njo motard?”

“Ndiyo, Mama.”

“Unaendeshaka kama mutu mwenye akili, ao kama kijana?”

“Kama mutu mwenye akili.”

“Nani alikuambia ivyo? Mama yako?”

Akapanda nyuma, beseni mapajani, tukaondoka.

Nyumba ya kusikiliza ilikuwa mpya, kando ya kanisa, mlango ukitazama barabara. Wafadhili walikuwa wameipamba kwa kibao kikubwa cha buluu: NYUMBA YA KUWASIKILIZA WALIOTENDEWA JEURI. Herufi zilisomeka hata kutoka ng’ambo ya bonde. Juma la kwanza hakuja mtu. Juma la pili hakuja mtu. Juma la tatu alikuja mzee mmoja, tukasimama wote kumpokea, kumbe alidhani ni mahali pa kupimia miwani, kwa sababu alikuwa ameona kibao lakini hakuweza kukisoma. Mama Kyakimwa alikiangalia kile kibao kwa muda, kisha akamwambia sista: “Mwanamuke gani atapita chini ya ile maandiko mbele ya mama-mukwe wake?” Jioni ile nilipanda ngazi nikakishusha. Kikawa paa la banda la sungura wa masista, na sungura walistawi sana.

Baada ya hapo alianza kazi yake jinsi alivyoijua. Mtu mwenye neno alikuja na beseni la maharagi. Mama alikuwa na lake. Wanakaa barazani, wanachambua. Anayepita barabarani anaona wanawake wawili wanatoa mawe kwenye maharagi, kazi inayofanyika katika kila ua wa Butembo, na anaendelea na safari yake. Macho yako chini, mikono ina kazi, na sauti ikianza kutetemeka vidole vinaendelea. Sheria ilikuwa moja: msikilizaji haruhusiwi kumaliza maharagi kabla mwenye neno hajamaliza neno lake. Nimemwona Mama Kyakimwa, kwa macho yangu, akirudisha mawe matatu yale yale ndani ya beseni mara nne, kwa sababu yule mama alikuwa bado anazunguka kwenye habari za mvua.

Mimi nilisubiri pembeni na pikipiki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wanaume nao wanazunguka. Hawakaribii baraza. Wanakuja kuuliza kama injini inakunywa sana mafuta. Wanachuchumaa, wanaangalia kabureta, wanakohoa. Nikajifunza kufungua buji, ile plagi ndogo inayowasha injini, na kuisafisha polepole kwa kitambaa. Mwanaume ataiambia buji mambo ambayo hajamwambia padri. Mmoja aliiambia kwamba alipokuwa mtoto mjomba wake alimfanyia kitu, na kwamba yeye sasa ni baba na anaogopa mikono yake mwenyewe. Nilisafisha buji ile mpaka ikang’aa kama pete. Jioni nilimweleza Mama Kyakimwa, bila kutaja jina, akaniambia: “Bon. Kesho unaacha kuwa motard.” Kisha akafikiri. “Mais utaendelea kunibeba.”

Msidhani kazi yote ilikuwa machozi. Sehemu kubwa ilikuwa milango. Mama Kyakimwa alipita katika vyumba vyote vya katekisimo vya parokia, akakaa kwenye viti vya watoto, akauliza: “Kama mukubwa anafunga huu mulango, nani anaona?” Kama hakuna anayeona, seremala aliitwa na mlango ukaondolewa bawabani. Mnajua baridi ya Butembo asubuhi, upepo unavyoshuka kutoka kwenye mikaratusi. Makatekista walifundisha Amri Kumi wakiwa na makoti na kofia. Mmoja alikuja kulalamika kwamba yeye ana mafua tangu Kwaresima, na kwamba hii ni kumdharau, kwani yeye ni mtu mwema. Mama alimjibu kwa upole kabisa: “Papa, mutu mwema hapana hasara na mulango wazi. Mafua tu njo itamupata.” Akamfumia kitambaa cha shingo. Baadaye, Beni, mama mmoja Mwislamu, ambaye mume wake alikuwa na malori ya njia ya Kasindi, alikuja kutuuliza juu ya ile dawa ya milango, na chuo ambako watoto wao walisoma Kurani kikapata madirisha mawili mapana. Huko Beni kuna joto, kwa hiyo walitushukuru bila mafua.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu mmelisikia nusu nusu kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Ilikuwa Kimemi, mtaa mmoja wa Butembo, mwaka wangu wa tatu kama msikilizaji. Shirika la pale liliongozwa na Papa Mbusa, mzee wa kahawa aliyekuwa ameacha biashara lakini hakuacha kuamuru. Alikuwa na kengele ndogo ya shaba, na aliipiga hata pale ambapo watu wote walikuwa wamekwisha kunyamaza. Msomaji wa shirika alikuwa fundi wa nguo, Katembo. Alikuwa na sauti nzuri mno: akisoma hata orodha ya majina ya wafalme wa zamani, akina mama walifuta pua. Mke wake, Mama Kavugho, aliuza mafuta ya mawese na makayabo, samaki wa chumvi, mbele ya nyumba yao, nyumba ambayo waliijenga wawili, yeye akibeba mchanga mgongoni kutoka mtoni.

Alikuja na beseni lake Jumanne moja. Mama Kyakimwa alikuwa Beni mwezi mzima, kuwapokea watu waliokimbia vijiji. Nilikuwa peke yangu barazani. Kavugho akachambua, nami nikachambua, mwanaume pekee mjini mwenye beseni, na akaniambia kwamba yule msomaji mwenye sauti nzuri anampiga, tangu mtoto wa pili, na kwamba sasa mtoto wa pili anasoma mwaka wa nne.

Ilifaa nimsindikize hospitalini. Ilifaa nimuulize anataka nini. Badala yake nilijiona mtu mkubwa. Nilikwenda kwa Papa Mbusa, naye akasema, kama nilivyotegemea: “Tubakalishe.”

Kuwakalisha watu ni desturi ya mashirika yetu, na katika ugomvi wa mpaka wa shamba inafanya kazi vizuri. Baada ya sala, wenye ugomvi wanawekwa kwenye viti viwili, wanatazamana. Kila mmoja anataja kosa lake mbele ya watu wote, kwa kuwa tunaamini hakuna ugomvi wa mtu mmoja. Mume analeta kuku. Wanakula sahani moja, watu wanaimba, na habari imekwisha. Niliandika hata programu kwenye karatasi, na saa za kila kitu. Kisha nikaenda kwa Kavugho kumwandaa.

“Mama, tafuta kosa moja. Kadogo tu.”

“Kosa gani?”

“Yoyote. Kila mutu eko na kosa.”

Alifikiri muda mrefu, akiwa ameshika kipimo cha mafuta mkononi. “Niseme kama najibuka?”

“Ile iko muzuri,” nikamwambia. Nikaiandika.

Jumamosi ua wa Papa Mbusa ulijaa. Katembo alisimama akasema kwa ile sauti yake kwamba amekosa, kidogo, kwa mikono. Papa Mbusa akaitikia kwa kichwa: “Kwa mikono. Muzuri.” Kavugho akasema, akiangalia miguu yake, kwamba yeye anamjibu mume wake. Watu wakapiga makofi. Kengele ikapigwa. Kuku alikuwa mtamu, nakiri. Mimi nilipewa paja.

Siku kumi baadaye Kavugho alikuja bila beseni. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitenge. Hakukaa.

“Wakati alikuwa ananipiga alikuwa ananiambia: ‘Ulijikubalia mbele ya batu bote.’ Kila mara. ‘Ulijikubalia.’ Sasa miye nitamujibu nini, Kambale? Njo weye uliniambia nitafute kosa.”

Nilimbeba kwa pikipiki mpaka hospitalini, mwendo wa kobe, na kila shimo la barabara lilinishtaki. Mfupa ulikuwa umevunjika. Tukapata karatasi ya daktari, tukaenda kwa polisi wanaoshughulikia mambo ya wanawake na watoto, akaeleza, nikasaini kama shahidi. Mambo ambayo ilifaa niyafanye Jumanne ya kwanza niliyafanya sasa, kwa haraka na kwa bidii, kama mtu anayefagia baada ya wageni kuondoka.

Mama Kyakimwa alirudi juma lile lile juu ya lori la mbao. Alikuwa amekwisha kusikia njiani. Nilimngojea na hotuba yangu.

“Ile kuku,” akasema, “ilikuwa na pilipili?”

“Mama, nataka nikuelezee…”

“Naulizia kuku. Ulikula kipande gani?”

“Paja.”

“Donc ulikula paja.”

Akaingia ndani kunawa miguu. Ningependa anipige na sufuria.

Asubuhi alinipeleka kwa jirani aliyempokea Kavugho na watoto. Tukakalishwa. Mama Kyakimwa akaniashiria kwa kidevu. Nikaanza: “Mama Kavugho, nilikosa, mais nilifikiri kama…”

“Anza upya,” akasema Mama Kyakimwa.

“Nilikosa, mais nia yangu ilikuwa…”

“Anza upya.”

Mara ya tatu niliweka “mais”, ile “lakini” yetu ya Kifaransa, mwishoni, nikidhani imefichika. Akaniona. Mara ya nne nilisema: “Nilikosa. Nilikutafutisha kosa lenye hukuwa nalo.” Nikafunga mdomo. Kavugho akacheka, kicheko kifupi, akaushika mkono wake kwa sababu kucheka kuliuma. “Kumbe banaume banaweza,” akasema. “Inaomba tu kubarudilisha mara ine.”

Kisha Mama Kyakimwa akamuuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeuliza: “Mwana wangu, weye unataka nini?”

Jibu lilikuja bila kuzunguka. Alitaka kulala katika nyumba yake bila kusikiliza mlango. Alitaka watoto wabaki katika shule yao. “Na bile shirika ilisema kwa sauti, ibiondoe kwa sauti. Hapana mu sikio yangu. Mbele ya batu bale bale.”

Mambo mawili ya kwanza yalianza vizuri. Polisi walimshika Katembo siku kadhaa, kisha akaachiliwa kusubiri kesi, na amri ya kutosogelea nyumba. Akachukua cherehani moja akaenda kwa kaka yake Beni. Kavugho akarudi kwake. Akina mama wa shirika walijipanga wenyewe kwa zamu: huyu anapita asubuhi kuomba chumvi, yule mchana kurudisha ungo ambao hakuwa ameuazima. Kwa mwezi mmoja sikuwahi kuona chumvi ikitembea namna ile. Mlango ulibaki wazi, na Kavugho alijua kila saa kuna mtu atakayeingia.

Lakini wakaja ndugu za Katembo, watatu, wenye makoti. Hawakupiga kelele. Walikaa, wakanywa maji, wakamwambia kwamba mwanamke aliyekubali kosa lake mbele ya shirika zima ndiye aliyevunja ndoa, na mwenye kuvunja ndoa anarudi kwao. Kwao ni Kasugho, kule msituni, siku mbili za matope. Nyumba itabaki ya ukoo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi zamu ya sala ingekuwa kwa Kavugho. Wangekuja siku hiyo, shirika lirudie tu ushahidi wake, kisha afungashe. Walikuwa na heshima sana. Hata vikombe walivirudisha wenyewe.

Kwa hiyo nyumba ya Kavugho ilikuwa imesimama juu ya ulimi wa Papa Mbusa. Nilikwenda kumwona.

“Kambale, shirika inaombaka Mungu pardon,” aliniambia. “Haiombake mutu. Tukianza kuomba batu pardon, nani atasikia tena kengele yangu?”

“Papa Président, mwanamuke anaenda kupoteza nyumba.”

“Tutamuombea.”

Padri naye alimwendea, akakaa naye saa nzima. Papa Mbusa alimpa kahawa nzuri na kumwambia ataliweka jambo hilo katika sala. Papa Mbusa akisema ataliweka jambo katika sala, ujue amelizika. Mama Kyakimwa alikwenda mwisho. Hakurudi na jibu, lakini alirudi anatabasamu, na nilipomuuliza alisema tu kwamba hakuongea na mzee, aliongea na mke wake, Mama Anasta, juu ya mbegu za karoti.

Mimi kila Alhamisi nilishuka Beni kumwona Katembo. Niacheni niseme kidogo juu ya ile barabara, kwa sababu mpaka leo miguu inaniwasha nikiikumbuka. Unatoka Butembo na koti, ukungu mweupe, vijana wanasukuma tsukudu zao, zile skuta kubwa za mbao, zilizojaa viazi. Unashuka, unavua koti. Unashuka tena, unafungua vifungo. Mara unasikia harufu ya kakao iliyoanikwa kwenye maturubai pembeni mwa njia, na joto la Beni linakupokea usoni. Kuna Alhamisi tulizuiwa njiani tukasubiri, kwa sababu huko mbele kulikuwa na risasi. Watu waliketi kwenye nyasi wakagawana ndizi. Kisha njia ikafunguliwa na kila mtu akakimbilia gari lake kama wanafunzi waliosikia kengele.

Katembo nilimkuta uani kwa kaka yake, nyuma ya cherehani. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale wenye makoti. Alitusalimia na kutuacha. Nilifungua buji. Alhamisi ya kwanza tuliongea juu ya joto. Ya pili, juu ya goti lake. Ya tatu akasema: “Nilimupiga, mais naye…”

“Anza upya.”

“Nilimupiga, lakini…”

“Ile ni mais yenye imevaa kitenge. Anza upya.”

Alinichukia. Alishona pindo moja mara mbili. Alisema mimi si mjuzi, ni motard tu. Nikamwambia ni kweli, na mimi mwenyewe nilirudishwa mara nne, na nilikuwa nimekula paja tu. Alhamisi ya tano, bila mimi kuuliza, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono: “Nilimupiga. Nilimuvunja mukono. Batoto baliona.” Sauti yake siku hiyo haikuwa nzuri hata kidogo. Nikamwomba awaambie ndugu zake maneno hayo hayo kabla ya Jumamosi. Hapo alikataa. Aliona aibu, akasema, na nilimwelewa, na sikumsamehe. Mpaka leo anashona Beni. Hakuishi tena Kimemi. Watoto wanamtembelea likizoni, mchana, shangazi yao akiwepo, na mashauri yake na buji yaliendelea miaka miwili. Mabadiliko ya mwanaume yanakwenda kama lori la Kasindi wakati wa mvua: yapo njiani, lakini usiwaambie watu wapike.

Habari za Mama Anasta nilizisikia baadaye, kutoka kwake mwenyewe. Siku mbili kabla ya ile Jumamosi alimpakulia mume wake bugali na sombe, majani ya muhogo, akasubiri amege tonge la kwanza. Binti yao mdogo ameolewa Kasindi, na mtu wa forodha. Akamuuliza: “Papa, kama shirika ya kule Kasindi inamukalisha mutoto yetu, mukono yake ikiwa imevimba, banamuambia atafute kosa, utaenda kula ile kuku?” Mzee alisema mtoto wao hana matatizo. “Sikuuliza kama eko na matatizo. Nauliza kama utakula.” Papa Mbusa aliweka tonge chini. Mama Anasta aliniambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kuona sombe lake likirudi jikoni, na kwamba alifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja.

Jumamosi ilifika. Ua wa Kavugho ulikuwa umefagiwa mpaka unaonekana kama umechanwa kwa kitana. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye plasta siku chache kabla, mwembamba kuliko mwingine. Ndugu watatu walikaa mbele, makoti yamefungwa vifungo. Tulisali. Papa Mbusa alisoma somo mwenyewe, vibaya, akirukaruka mistari, na hakuna aliyecheka. Baada ya sala kaka mkubwa akasimama. “Tunaomba tu shirika irudilie bile ilisikia,” akasema kwa heshima. “Kiisha tutaenda.”

Nilisimama kabla ya mzee. Niliwaambia kwamba lile kosa lilitafutwa na mimi, kwamba mwanamke alinijia na kidonda nami nikamtuma atafute dhambi, na kwamba kumjibu mtu anayekupiga si kosa. Nilimaliza bila “mais”. Mama Kyakimwa aliinamisha kichwa kidogo sana. Kwa miaka yetu yote pamoja, hiyo ndiyo medali niliyopata. Lakini neno langu lilikuwa neno la motard. Kaka mkubwa hakuniangalia hata. Alikuwa anamngoja Papa Mbusa, na ua wote ulikuwa unamngoja Papa Mbusa.

Mzee alisimama. Akapiga kengele, ingawa hata kuku wa jirani walikuwa kimya. Akavua kofia, akaiangalia ndani.

“Ile siku,” akasema chini chini, “shirika ilikosa.”

“Papa Président,” akasema Kavugho kutoka kwenye kiti chake, “ba nyuma habakusikia.”

Papa Mbusa alimtazama, na nilidhani tumepoteza kila kitu. Kisha akamwangalia mke wake. Mama Anasta alikuwa anaangalia mawingu.

“Shirika ilikosa!” akasema kwa nguvu. “Huyu mama hapana alikuwa na kosa. Shiye njo tulimutafutia, tukamuvalisha, kiisha tukakula. Mwenye alisikia ushahidi ile siku, aitupe. Ilikuwa ya bongo, hapana ya kweli.”

“Na bale ba ku barabara?” akauliza Kavugho. “Ile Jumamosi, ba ku barabara balisikia makofi.”

Mama Anasta akaziba mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Papa Mbusa akavaa kofia yake, akaivuta chini mpaka masikioni, akakata ua kwa hatua ndefu mpaka kwenye uzio wa miyenzi. Akasimama pale, mikono juu ya matawi, akiikabili barabara na watu wake wote wa Jumamosi. Kijana aliyekuwa anashuka na tsukudu yenye makaa akafunga breki kwa kisigino.

“Mama Kavugho hapana kosa!” akapiga kelele Papa Mbusa. “Na hii nyumba ni yake! Shirika yote njo inasema!”

“Amina, Papa!” akajibu yule wa tsukudu, ambaye hakujua habari yoyote, akaachia breki akaendelea kushuka.

Kaka mkubwa akatazama wadogo zake. Wakasimama, wakasema kwaheri kwa heshima kama kawaida yao, wakatoka mmoja mmoja kando ya mzee, ambaye alikuwa bado ameshika uzio na anahema. Kavugho alisubiri mpaka wa mwisho apite. Kisha akainuka, kwa ule mkono mwembamba akavuta kiti chenye mgongo mpaka katikati ya ua, akakipangusa.

“Papa, kuya ukae,” akasema. “Bado hatuyaimba, habari iishe.”